Kompyuta Inaposoma Picha ya Mgonjwa

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tutazungumzia jambo ambalo kwa wengi ni geni, lakini linazidi kuikaribia milango ya nyumba zetu. Zamani mgonjwa aliyepigwa eksirei alirudi nyumbani na bahasha kubwa ya kaki, na ndani yake mlikuwa na filamu nyeusi ambayo daktari aliiinua mbele ya taa na kuitazama. Siku hizi katika hospitali nyingi picha imo ndani ya kompyuta, na mgonjwa akipewa nakala huipata kwenye sidii. Na picha ikishaingia ndani ya kompyuta, kompyuta yenyewe yaweza kuagizwa kuipima.

Hapo ndipo maswali yanapoanza. Je, kompyuta inaweza kuona ugonjwa? Je, inachukua nafasi ya daktari? Mzazi akiambiwa kwamba kompyuta imeonyesha dalili za kifua kikuu kwa mwanawe, aamini au asiamini? Maswali haya si ya wasomi peke yao. Katika nyanda zetu za kati, kuanzia Kondoa hadi Mpwapwa, na kuanzia Manyoni hadi Kongwa, ziko zahanati nyingi zisizo na mashine ya eksirei, na hata penye mashine si kila mara yupo mtaalamu wa kuisoma picha siku ile ile. Kwa hiyo chombo cha kusaidia kusoma picha kina faida kubwa kwetu kikiwa cha kweli, na kina hatari kubwa kikiwa si cha kweli.

Katika somo hili tutajifunza mambo matatu: jinsi kompyuta inavyoigeuza picha kuwa vipimo, maana ya programu huria na kwa nini ni jambo kubwa katika tiba, na mambo ambayo familia inapaswa kuyafanya pale picha ya mgonjwa wao inaposomwa kwa njia hii.

1. Picha ni daftari la namba

Tarehe 8 Novemba 1895, huko Würzburg nchini Ujerumani, mwanasayansi Wilhelm Conrad Röntgen aligundua miale inayopita ndani ya mwili. Miale hiyo hupita kwa urahisi katika mapafu yaliyojaa hewa, lakini mfupa huizuia. Ndiyo maana katika picha ya kifua mapafu huonekana meusi na mbavu huonekana nyeupe. Pafu likishambuliwa na ugonjwa, sehemu iliyojaa usaha au maji huzuia miale, na weupe hutokea mahali palipotakiwa kuwa peusi.

Sasa chukua daftari la hesabu la mtoto wako wa shule, lile lenye miraba midogo. Tuseme umeiweka picha ya kifua juu ya karatasi hiyo, na katika kila mraba ukaandika namba moja: sifuri mahali peusi kabisa, na namba kubwa zaidi kadiri weupe unavyoongezeka. Ukimaliza ukurasa mzima, picha yako imekuwa namba tupu. Hivyo ndivyo kompyuta inavyoihifadhi picha. Tofauti ni kwamba miraba yake, ambayo huitwa nukta, ni midogo sana, na picha moja ya kifua huwa na mamilioni ya nukta hizo.

Kwa upande wa siti skani, mashine hupiga mwili vipande vipande kama mkate uliokatwa. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya namna hiyo mwaka 1971 huko London kwa mashine iliyobuniwa na Mwingereza Godfrey Hounsfield. Mwaka 1979 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, Afrika Kusini. Katika picha za siti skani namba zina maana maalumu: maji hupewa sifuri, hewa hupewa 1000 chini ya sifuri, na mifupa hupewa mamia kadhaa na zaidi.

Tukumbuke basi kwamba kompyuta haioni kifua kama tunavyokiona sisi. Inayo namba tu, na kazi yake ni kuzihesabu.

2. Mfano wa Kongwa: jinsi jicho linavyogeuzwa kuwa hesabu

Ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, umewasumbua watu wa Dodoma kwa vizazi vingi. Huambukiza macho ya watoto, na maambukizi yakirudiarudia kwa miaka mingi, upande wa ndani wa kope hupata makovu, kope hujikunja, na nywele zake hukwaruza kioo cha jicho mpaka mtu apofuke.

Mwaka 1987 lilitolewa chini ya Shirika la Afya Duniani utaratibu mwepesi wa kuupima ugonjwa huu. Mhudumu hugeuza kope la juu la mtoto na kutazama upande wa ndani. Hatosheki kusema kwamba jicho ni baya. Huhesabu vipele vidogo vilivyo katika sehemu ya katikati: vikiwa vitano au zaidi, na kila kimoja kina upana wa nusu milimita au zaidi, mtoto huhesabiwa kuwa na trakoma hai. Kipo na kigezo cha pili: kama uvimbe umeficha zaidi ya nusu ya mishipa midogo ya damu iliyo ndani ya kope, huo ni ugonjwa mkali.

Tazameni alichofanya mhudumu huyo. Amechukua kitu cha kuonekana kwa macho, akakigeuza kuwa idadi, upana na eneo. Vipimo vya namna hii ndivyo vinavyoitwa sifa za picha. Faida yake ni kwamba wahudumu wawili wasiofahamiana wanaweza kutazama kope moja na kupata jibu moja. Na wasipoelewana, wanaweza kurudia kuhesabu mpaka wajue kosa liko wapi. Ndiyo maana watafiti wa trakoma walipiga pia picha za kope, ili mtu mwingine aweze kuhakiki baadaye. Sheila West na Hugh Taylor, ambao majina yao yanajulikana sana katika utafiti wa vikope mkoani Dodoma, walichapisha mwaka 1990 makala kuhusu kiasi ambacho picha hizo zinaweza kuaminika.

Kompyuta hufanya kazi ya aina hiyo hiyo, ila huhesabu mambo mengi zaidi na kwa haraka zaidi.

3. Aina tatu za sifa

Mtaalamu kwanza huzungushia mstari sehemu anayotaka ipimwe, kwa mfano uvimbe ulio ndani ya pafu. Kisha programu hupima aina tatu za sifa.

Aina ya kwanza ni umbo: ukubwa wa uvimbe, urefu wake, kama ni wa mviringo au una pembe na miiba.

Aina ya pili ni mng'ao: wastani wa namba zote zilizo ndani ya mstari, namba kubwa kuliko zote na ndogo kuliko zote.

Aina ya tatu ni mpangilio, yaani jinsi nukta nyeupe na nyeusi zilivyokaa jirani. Hii ndiyo ngumu kidogo kuielewa, kwa hiyo tufanye zoezi. Andika mistari hii miwili kwenye daftari:

Mstari wa kwanza: 2 2 2 2 8 8 8 8
Mstari wa pili: 2 8 2 8 2 8 2 8

Tafuta wastani wa kila mstari. Yote miwili itakupa 5. Kwa kipimo cha mng'ao, mistari hii ni sawa kabisa. Sasa hesabu majirani. Kila mstari una jozi saba za namba zinazokaa pamoja. Katika mstari wa kwanza jozi sita ni za namba zinazofanana, na moja tu haifanani. Katika mstari wa pili jozi zote saba hazifanani. Kumbe mistari ile iliyokuwa sawa kwa wastani ni tofauti sana kwa mpangilio! Hesabu ya majirani ya aina hii ilielezwa vizuri na Mmarekani Robert Haralick na wenzake mwaka 1973, na mpaka leo inatumika kupima picha za wagonjwa.

Mfugaji hodari anapomnunua ng'ombe mnadani hutazama nundu, mbavu, meno na manyoya, na kwa pamoja alama hizo humwambia hali ya mnyama. Vivyo hivyo sifa za picha zikikusanywa pamoja zaweza kumsaidia daktari kufahamu hali ya ugonjwa. Lakini alama zenyewe si hukumu. Mfugaji mgeni anaweza kuhesabu meno sawasawa na bado akanunua ng'ombe mgonjwa.

4. Programu huria ni nini?

Programu ya kompyuta ni orodha ndefu ya maagizo yaliyoandikwa na watu: fanya hili, kisha jumlisha lile, kisha gawanya kwa hili. Programu nyingi huuzwa zikiwa zimefungwa. Unalipa, unaweka picha, unapata jibu, lakini huruhusiwi kuona maagizo yaliyolileta jibu hilo. Kwa lugha yetu ya kila siku, ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Programu huria ni ile ambayo maagizo yake yamewekwa wazi. Yeyote anayejua kazi hiyo anaruhusiwa kuyasoma, kuyatumia, kuyarekebisha na kuwagawia wengine, kwa kufuata masharti ya leseni yake. Mara nyingi hailipiwi. Lakini bei si jambo kuu hapa. Jambo kuu ni kwamba inakaguliwa.

Katika kupima picha za tiba zipo programu huria zinazojulikana duniani kote. ImageJ iliandikwa na Wayne Rasband wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, na ilitolewa mwaka 1997. Programu ya 3D Slicer ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 katika mji wa Boston, kwa ushirikiano wa hospitali na chuo. Nayo humwezesha mtu kuona picha za siti skani kwa pande zote na kuzungushia mstari sehemu anayoitaka. Mwaka 2017 Joost van Griethuysen na wenzake, wa Uholanzi na Marekani, walichapisha habari za PyRadiomics, ambayo kazi yake hasa ni kutoa sifa zile za umbo, mng'ao na mpangilio.

Kwa Dodoma jambo hili lina maana ya pekee. Hapa tuna Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanza mwaka 2007, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyoanza kutoa huduma mwaka 2015 katika eneo hilo la chuo. Kijana wa kwetu anayesoma udaktari au kompyuta anaweza kuipata programu ile ile inayotumiwa na mwenzake wa Ulaya, akaifungua na kusoma kila mstari wake bila kulipa ada ya leseni. Atahitaji kompyuta, umeme, mwalimu na bidii. Mambo haya yana gharama na tusijidanganye. Lakini mlango haukufungwa.

5. Kisa cha sifa 440

Kuna kisa cha kweli kinachoonyesha kwa nini uwazi huu ni muhimu. Mwaka 2014 Hugo Aerts na wenzake walichapisha utafiti mkubwa. Walichukua picha za siti skani za wagonjwa 1,019 wa saratani ya mapafu au ya kichwa na shingo, wakapima sifa 440 katika uvimbe. Kutokana na hizo walichagua sifa nne ambazo kwa pamoja zilionekana kutabiri ni wagonjwa gani wangeishi muda mrefu zaidi. Habari hiyo ilipokewa kwa matumaini makubwa.

Sehemu ya picha hizo iliwekwa wazi kwa watafiti wengine. Mwaka 2019 Mattea Welch na wenzake, huko Toronto nchini Kanada, walizirudia hesabu zile kwa kutumia programu huria. Kisha wakafanya jaribio la werevu: walizichanganya namba zilizokuwa ndani ya uvimbe ovyo ovyo, hata mpangilio wote ukavurugika. Kama kweli sifa zile zilikuwa zinasoma mpangilio wa ugonjwa, utabiri ungeharibika. Haukuharibika!

Tuelewe maana yake kwa mfano. Ukiwa na gunia lenye maharage chini na karanga juu, kisha ukalitikisa mpaka vyote vikachanganyika, mpangilio umepotea lakini ukubwa wa gunia ni ule ule. Ndivyo ilivyokuwa. Kwa sehemu kubwa, sifa zile zilikuwa zinapima ukubwa wa uvimbe kwa njia ya kuzunguka. Na kwamba uvimbe mkubwa ni wa hatari zaidi, madaktari walikwishalijua siku nyingi, na ukubwa unaweza kupimwa kwa njia rahisi.

Jambo la kupendeza ni kwamba Aerts mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioandika makala ile ya mwaka 2019. Hakuna aliyefichwa wala kufedheheshwa. Kazi ilikuwa wazi, ikakaguliwa, ikarekebishwa. Kama picha na maagizo yangefungiwa kabatini, huenda hospitali zingetumia hesabu ile kwa miaka mingi zikidhani zinapima jambo jipya. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Lakini hao wengi lazima waruhusiwe kuona.

6. Debe, gunia na lumbesa

Mkulima yeyote wa Dodoma anajua maumivu ya vipimo visivyolingana. Mnunuzi mmoja anapima kwa debe lililojaa sawasawa, mwingine anataka lumbesa, gunia lililofungwa kilemba juu yake. Mavuno ni yale yale, lakini hesabu hutofautiana.

Katika kupima picha ilitokea hali kama hiyo. Programu mbili zilipewa picha moja na kuambiwa zipime sifa yenye jina moja, zikatoa namba mbili tofauti, kwa kuwa kila mwandishi alikuwa na njia yake ya kupanga namba na kuzihesabu. Ili kuliondoa tatizo hili timu 25 za watafiti zilikaa pamoja na kulinganisha programu zao sifa kwa sifa. Mwaka 2020 zilichapisha matokeo: kati ya sifa 174 zilizochunguzwa, 169 zilipatiwa kipimo cha pamoja, ambacho programu yoyote inaweza kujipima nacho. Kazi yao ni sawa na ya mkaguzi wa mizani anayekuja sokoni na mawe yake ya kupimia, ili kilo ya Majengo iwe ndiyo kilo ya Kibaigwa.

7. Jaribio la Ukonga

Je, Tanzania imewahi kuijaribu kompyuta ya kusoma picha? Ndiyo. Katika gereza la Ukonga, Dar es Salaam, wafungwa walipigwa eksirei za kifua ili kuwatafuta wenye kifua kikuu. Matokeo ya jaribio hilo yalichapishwa mwaka 2015. Programu iliyotumika iliitwa CAD4TB, ya kutoka Uholanzi. Hii si programu huria, bali ni ya kuuzwa. Programu za aina hiyo za wakati ule zilipima umbo na mpangilio wa nukta ndani ya mapafu, zikalinganisha na picha zilizokwisha kusomwa na wataalamu, kisha zikatoa alama.

Watafiti walichukua picha 511, wakawapa wahudumu saba wa wodi za kifua kikuu wazisome, na kompyuta nayo ikazisoma. Wote walilinganishwa na usomaji wa kitaalamu wa picha hizo. Matokeo yalikuwa haya: wahudumu wawili walisoma vizuri zaidi kuliko kompyuta, watatu walikuwa sawa nayo, na wawili walishindwa nayo. Katika kundi kubwa zaidi la picha 1,321 kompyuta iliweza kusoma zaidi ya asilimia 99, na kwa muda mfupi. Kwa njia ya kawaida, majibu ya picha 160 yalichelewa zaidi ya saa 24.

Tunajifunza nini hapa? Mtu aliyezoea kazi yake alikuwa bado bora kuliko kompyuta. Lakini pasipo na mtu huyo, au anapolemewa na picha nyingi, kompyuta ilisaidia. Tunajifunza pia kwamba hata chombo kilichofungwa kinaweza kujaribiwa kwa nje, kwa picha za watu wetu wenyewe, kabla ya kukiamini. Uamuzi wa kukijaribu hapa hapa nchini ulikuwa wa busara.

8. Mahali kompyuta inapoweza kukosea

Kwanza, alama si asilimia ya uhakika. Programu za kifua kikuu kwa kawaida hutoa alama, kwa mfano kati ya 0 na 100, na wahudumu huamua alama ya kuanzia kumwita mgonjwa kwa vipimo zaidi. Ni kama chekeche. Ukichagua alama ndogo ya kuanzia, wagonjwa wachache watapotea lakini utawaita wengi ambao hawana TB. Ukichagua alama kubwa, foleni ya maabara itapungua, lakini mgonjwa anaweza kurudishwa nyumbani akiwa na ugonjwa, naye akaambukiza familia yake. Uamuzi huo ni wa watu, na watu ndio wanaowajibika.

Pili, makovu. Mtu aliyewahi kuugua TB na kupona anaweza kubaki na makovu yanayoonekana kwenye picha. Wachimbaji wadogo wanaovuta vumbi la mawe nao wanaweza kupata ugonjwa wa mapafu uitwao silikosisi, ambao kwenye picha unaweza kufanana na TB, na tena vumbi hilo huongeza hatari ya kupata TB yenyewe. Kompyuta haijui kwamba fulani alichimba dhahabu miaka kumi. Ni mgonjwa anayepaswa kusema.

Tatu, watoto. Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za namna hii zitumike kuchuja TB ya mapafu katika picha za watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Ruhusa hiyo haikuwahusu watoto walio chini ya umri huo.

Nne, mashine. Picha mbili za mtu mmoja zilizopigwa kwa mashine mbili tofauti zinaweza kutoa namba tofauti, ingawa mwili ni ule ule.

Tano, uhuria si ruhusa ya kutibu. PyRadiomics na 3D Slicer hutolewa kwa ajili ya utafiti na mafunzo. Mwanafunzi aliyezipata kwenye kompyuta yake asimpe jirani majibu ya ugonjwa.

9. Familia ifanye nini?

Msikae na kikohozi. Mtu aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi, anayetoka jasho usiku, mwenye homa za jioni, anayepungua uzito au anayekohoa damu aende kituo cha afya mapema. Picha peke yake haithibitishi TB; ombeni pia kipimo cha makohozi. Dawa za TB hutolewa bure nchini mwetu, na kwa kawaida humezwa kwa miezi sita bila kukatisha.

Mpelekeni mtoto anayeishi na mgonjwa wa TB akachunguzwe, hata kama hakohoi.

Tunzeni picha. Filamu au sidii ya mwaka juzi ni shahidi. Daktari akiilinganisha na ya leo ataweza kujua kama alama aliyoiona ni kovu la zamani au ugonjwa mpya. Iwekwe mahali pakavu pasipo joto, pamoja na kadi ya kliniki.

Semeni yote. Mwambieni mhudumu kama mgonjwa aliwahi kutibiwa TB, kama alifanya kazi ya machimbo, na kama mama ni mjamzito kabla ya kupigwa eksirei.

Ulizeni bila woga na kwa heshima: "Daktari, picha hii imesomwa na nani? Kama ni kompyuta, nani ameyahakiki majibu yake?" Hilo si tusi. Ni haki ya mgonjwa.

Lindeni siri. Faili la picha hubeba pia jina, umri na tarehe ya mgonjwa. Likitumwa kwa watafiti, habari hizo zinapaswa kuondolewa kwanza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Msirushe ovyo picha za ndugu yenu kwenye simu.

Mwisho, tusisahau kwamba kupima si kuponya. Kule Kongwa, utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulilinganisha jozi tatu za vijiji. Vyote vilipewa dawa, lakini katika kila jozi kijiji kimoja kiliongezewa mafundisho ya kina ya kuwanawisha watoto uso. Katika vijiji vya mafundisho trakoma kali ilipungua zaidi. Hesabu ya vipele ilionyesha ugonjwa uko wapi, dawa ikafanya sehemu yake. Lakini kilicholeta tofauti hiyo kati ya vijiji ni mikono ya akina mama na maji kidogo asubuhi. Kompyuta nayo, hata ikipima vizuri namna gani, itatuonyesha tu mahali pa kuelekeza mikono yetu.

Maswali ya kujadili katika familia na jumuiya

1. Kwa nini mistari miwili ya namba yenye wastani mmoja inaweza kuwa tofauti? Mfundishe mwenzako kwa kutumia daftari.

2. Programu huria ina tofauti gani na programu iliyofungwa? Tajeni vipimo vingine katika maisha yenu ambavyo mngependa viwe wazi kukaguliwa.

3. Watafiti wa mwaka 2019 waligundua nini walipozivuruga namba za uvimbe? Je, sisi hupokeaje tunaporekebishwa katika kazi zetu?

4. Katika mtaa au kijiji chenu, kuna mtu anayekohoa kwa zaidi ya wiki mbili? Nani atamsindikiza kituo cha afya, na lini?